Nyoka alale juu ya nini?

Ndugu wasikilizaji na wasomaji wetu wa Tunda, ninyi wenyeji na ninyi mliokuja kwetu mkikimbia vita: wiki hizi watu wananisimamisha njiani, sokoni na hata mlangoni pa kanisa, kuniuliza neno moja. "Papa wa redio, ni kweli wewe ndiye uliyemtandikia nyoka kitanda?" Wengine wanauliza wakicheka. Wengine hawacheki hata kidogo. Redioni nina dakika chache tu, na habari ikipita mdomo kwa mdomo inaota mikia. Basi nimeona niandike hapa yote kama yalivyokuwa.

Ni kweli. Nilimtandikia nyoka kitanda. Na sikufaulu mara ya kwanza.

Mnaifahamu ile nyumba ya miti na udongo iliyo mwisho wa mtaa wetu, ambayo zamani ilikuwa ghala ya mpunga. Mwenyewe aliiazima kwa familia moja iliyotoka upande wa Kabambare: bibi mzee, mama, na watoto wanne. Walitembea siku nyingi, wakafika na bashi moja, sufuria mbili na mizigo ya kichwani. Majina yao sitayaandika, nao wanajua sababu.

Penye mpunga kuna panya, na penye panya nyoka hakosekani. Mtoto wao wa kwanza, mvulana wa miaka 12, alimkuta nyoka mdogo pembeni, chini ya magunia ya zamani, urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Wenzake walikimbia kutafuta fimbo. Yeye alimfunika na beseni. Kisha akakata bidoni ya lita ishirini, akamtia humo, akaweka kifuniko cha mbao chenye matundu ya misumari na jiwe juu yake. Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alinijibu: "Papa, tulipofika panya walikuwa wanawauma wadogo zangu vidole usiku. Halafu panya wakapungua. Siku ile ndiyo nikaona ni nani alikuwa anatusaidia. Nikasema, huyu hawatamuua."

Kila siku alitega panya wadogo ghalani kwa jirani, akampelekea. Jirani alifurahi. Mpaka hapo hakuna aliyelalamika.

Kilicholeta maneno ni harufu.

Jioni moja mama yao alikuja kwangu, akasimama uani, akakataa kiti. "Papa, wanasema tunafuga uchawi. Wanasema nyumba yetu inanuka kaburi. Mwenye nyumba ametupa siku saba." Ninyi mnaonisoma mnajua neno uchawi linaweza kufanya nini kwa mtu asiye na ndugu mahali. Mwenyeji akisemwa, ana wajomba wa kumtetea. Mgeni akisemwa, anafunga mizigo. Na mama huyu alikuwa ameshafunga mizigo mara tatu tangu vita imtoe kwake.

Nilikwenda. Nitasema ukweli: ilinuka. Si kaburi, lakini ilinuka.

Kesho yake asubuhi nilimwomba mwalimu mmoja anayefundisha biolojia sekondari aje pamoja nami. Alimtazama nyoka kwa muda mrefu bila kumgusa. Rangi ya kahawia, mistari miwili myembamba ya rangi hafifu kila upande wa kichwa, mmoja ukipita kwenye jicho, na mboni ya jicho imesimama wima kama ya paka. Akasema huyu ni nyoka wa nyumba, wataalamu wanamwita Boaedon. Hana sumu, chakula chake ni panya, na hata nchi za mbali kuna watu wanaomfuga. Lakini aliongeza, na mimi naongeza hapa: mtoto asifanye kama huyu kijana. Kuna nyoka wadogo wenye sumu wanaofanana na wasio na sumu, na mtu asiyejua anaweza kukosea mara moja tu.

Tukapeleka habari kwa shefu. Alitusikiliza, akamsikiliza mwenye nyumba, akawasikiliza na majirani. Kisha akasema: "Mimi sihukumu nyoka, nahukumu harufu. Nawapa siku kumi na nne. Kifuniko kifungwe vizuri, na harufu iishe. Isipoishia hapo, nyoka anatoka, na mwenye nyumba atafanya anavyotaka."

Ndiyo maana nasema hili la matandiko halikuwa mchezo. Nyumba ya watu sita ilikuwa imesimama juu ya kile nyoka anacholalia.

Tulianza kwa kuangalia alicholalia. Kijana alikuwa amemwekea maganda ya mpunga, na mtu wa Maniema hawezi kumlaumu. Mpunga uliingia kwetu na Waungwana karne ya 19, ukashika, na leo penye kinu pana mlima wa maganda. Tunayatandika kwenye vibanda vya kuku, tunachomea matofali. Ni bure. Lakini kuku wana kibanda chenye hewa, na miguu yao inachakura na kugeuza maganda kutwa nzima. Nyoka hachakuri. Analala mahali pamoja, anamwaga maji ya kopo lake, anakojoa na kunya humo humo, na maganda ya chini yanabaki mabichi yakioza wakati ya juu yanaonekana makavu. Tulipoyamwaga, ya chini yalikuwa na ukungu mweupe.

Mwalimu alitugeuzia nyoka taratibu kwa kijiti. Magamba mawili matatu ya tumboni yalikuwa yameanza kuwa mekundu. Akasema hiyo ndiyo kazi ya unyevu: nyoka akilala kwenye majimaji siku nyingi, ngozi ya tumbo inatoa malengelenge na kuoza. Tena anapomeza panya, maganda yanashikamana na mawindo, yanaingia mdomoni pamoja na nyama, na ganda la mpunga linachoma. Vumbi lake nalo si zuri kwa pumzi.

Hapo mimi nikajifanya mjuzi. Nikasema: tuweke unga wa mbao! Nikapanda baiskeli mpaka kwa wapasuaji mbao, wakanijazia gunia bila hata kudai franka moja. Ulikuwa mkavu kiasi, rangi nyekundu, unanukia vizuri, harufu kali ya mti uliokatwa jana. Majirani walifurahi. Harufu mbaya ilizimwa kabisa. Nilirudi nyumbani nikijisifu.

Siku ya pili kijana alikuja mbio. Nyoka alikuwa ameinua kichwa juu, amekiegemeza ukutani mwa bidoni, anapumua mdomo wazi. Mwalimu alipofika alishika kichwa. "Mwandishi, umemfungia kwenye chupa ya manukato." Akatueleza kwamba nyoka wengi wana pafu moja tu kubwa linalofanya kazi, la kulia, na kwamba wananusa kwa ulimi. Mbao zenye harufu kali zina mafuta yanayowasumbua. Ndiyo maana wanaojua kufuga wanakataza mbao kama za mwerezi kwenye sanduku la nyoka, ingawa watu tunazipenda kwenye makabati ya nguo. Kile kilichonifurahisha mimi puani ndicho kilichokuwa kinamkaba yeye. Tulitoa unga wote, tukamwacha juu ya mbao tupu mahali penye hewa, na jioni mdomo ulikuwa umefungwa.

Nimeandika kosa langu hapa kwa sababu yule kijana hakunilaumu. Aliniambia tu: "Papa, wewe ulichagua kwa pua yako."

Siku nne zilikuwa zimekwisha. Tulijaribu mchanga wa mtoni. Unapendeza kwa macho, lakini asubuhi ulikuwa wa baridi na unyevu, na ulimganda panya kama unga kwenye samaki. Mwalimu akasema mchanga ukimezwa mara kwa mara unaziba tumbo. Tukautoa.

Tukajaribu majani makavu ya chini ya miembe. Hayo nyoka aliyapenda kuliko yote. Alijizika humo akatulia. Lakini majani ya nje yanakuja na wenyeji wake: wadudu, utitiri, na mabaya zaidi, yanaita siafu. Usiku wa pili siafu walifika. Kila mtu wa huku anajua siafu wakiingia nyumbani unatoka wewe, na kuku aliyefungiwa hatoki, anakutwa mifupa. Nyoka aliye porini husikia na kukimbia. Wa kwenye bidoni angekimbilia wapi? Bibi mzee ndiye aliyeamka. Alipiga kelele, wakamwaga majivu ya moto mlangoni, na kijana akatoka na bidoni kichwani, mikono yote miwili imeishika, gizani, kama mtu anayekimbia vita kwa mara nyingine. Mama yake aliniambia kuwa aliposhuhudia hivyo alilia, na si kwa sababu ya nyoka.

Tangu usiku ule sanduku la nyoka halikukaa chini tena. Seremala mmoja alitupatia sanduku la mbao za zamani zisizo na harufu, lenye wavu mbele na kufuli ndogo. Tulilipandisha juu ya kigoda, na kila mguu wa kigoda tukausimamisha ndani ya kopo la sardini lenye maji. Siafu hawavuki maji hayo. Mwenye kufuga sungura au kuku wa mayai naye aige hilo, litamsaidia.

Bado swali lilikuwa palepale. Alale juu ya nini?

"Karatasi," akasema mwalimu. Wafugaji wengi duniani wanatandika magazeti tu. Hayapendezi, lakini yanakausha, hayana vumbi, hayana wadudu, uchafu unaonekana palepale, unakunja unatupa unatandika nyingine. Tukacheka. Gazeti, Tunda? Gazeti likifika hapa linakuwa limeshafunga karanga mara mbili. Madaftari ya watoto hayaguswi, yanaandikwa mpaka kwenye jalada. Mifuko ya saruji ina vumbi lake.

Ndipo nikakumbuka katoni iliyoko kwangu chini ya meza. Sisi redioni tunaandika taarifa kwa mkono, upande mmoja, ili karatasi isipige kelele ukiigeuza mbele ya mikrofoni. Zikishasomwa nazitupa kwenye katoni ile. Miaka miwili ya habari: bei ya mchele Kindu, treni iliyochelewa, mpira, mikutano, chanjo ya watoto. Nikaileta yote. Majirani walipata mzaha wa mwaka: nyoka wa wahami analalia habari!

Tulifanya hivi. Chini karatasi nne moja juu ya nyingine, zimefika mpaka pembeni ili asiingie chini yake kwenye ubao. Upande mmoja nusu ya katoni ndogo iliyopinduliwa, yenye mlango, ndiyo chumba chake cha kujifichia, maana kumbe hakupenda majani kwa ajili ya majani, alipenda kujificha. Upande wa pili bakuli zito la udongo asiloweza kulipindua. Kinyesi kinatolewa siku hiyo hiyo pamoja na karatasi iliyochafuka, na kila Jumamosi tunabadilisha zote na kupangusa sanduku kwa maji ya moto, tunaliacha likauke ndipo tunatandika upya. Macho yake yalipogeuka kuwa ya bluu hafifu, dalili kwamba atajivua ngozi, tulimwekea kopo lenye kitambaa kilicholowa kidogo, kwa sababu hewa kavu sana nayo inafanya ngozi itoke vipandevipande. Ilitoka nzima, kama soksi iliyogeuzwa. Tumbo jipya lilikuwa safi, wekundu haupo. Gharama ya matandiko: sifuri.

Na harufu iliisha. Hilo ndilo shefu alilotaka.

Lakini sikuandika yote haya kwa ajili ya harufu.

Jumamosi ya kwanza ya kubadilisha karatasi tulikaa uani, kijana, wadogo zake na mimi. Yeye alikuwa anasoma kila karatasi kabla ya kuitandika. Anasoma vizuri, ingawa hajakaa darasani muda mrefu. Alisoma bei ya chumvi, akacheka. Alisoma matokeo ya mpira, akabishana na mdogo wake. Kisha akanyamaza. Alikunja karatasi moja mara nne akaitia mfukoni.

"Hiyo mbona hutandiki?" nikamuuliza.

"Hii hapana, papa."

Sikumlazimisha. Baadaye kidogo aliitoa akanipa mwenyewe. Ilikuwa mwandiko wangu. Tangazo la kutafuta ndugu: mama fulani, aliyefika Tunda na watoto wanne na mama mkwe wake, anamtafuta mume wake, waliachana njiani usiku watu walipotawanyika, mwenye habari apite redioni. Mama yake alilileta mwezi walipofika. Nililisoma asubuhi na jioni, siku mbili, kama desturi yetu. Halafu likaingia kwenye katoni pamoja na bei ya chumvi.

Akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua kazi inavyokwenda: "Papa, mkishasoma, inakwisha?"

Nimefanya kazi hii miaka kadhaa. Nilisoma shule ya sekondari, nikafanya kozi ya uandishi wa habari, nikafundishwa kwamba habari ya jana imekufa. Hakuna aliyenifundisha kwamba kuna habari isiyozeeka mpaka mtu apatikane. Mbele ya mtoto yule sikuwa na jibu. Nilichukua katoni nzima, tukaipekua sote karatasi kwa karatasi mpaka jua likazama. Tulikuta matangazo ya namna ile mengi. Baadhi ya watu wake nawajua wamekutana tayari. Wengi sijui.

Sasa nina daftari la jalada gumu. Kila tangazo la kutafuta ndugu linaandikwa humo, na linasomwa tena kila Ijumaa jioni baada ya taarifa ya habari, mpaka familia yenyewe ije kuniambia: aksanti, amepatikana, au: basi, tuache. Nyoka amebakiziwa mpira na bei za soko.

Kuna jambo la pili. Siku tuliyomaliza kutandika sanduku, bibi mzee alisimama mlangoni, akatazama, akasema kwa sauti ya kawaida: "Basi nyoka amepata kitanda kabla yetu." Tulicheka kwanza. Kisha hakuna aliyecheka. Watu sita wale walikuwa wanalala juu ya bashi moja, chini, kwenye udongo.

Kulala chini si suala la raha tu. Swila, yule atemaye mate, huingia nyumbani usiku kufuata panya, na mara nyingi huuma mtu aliyelala ambaye hata hakumwona. Shirika la Afya Duniani linasema kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 liliuweka ugonjwa huu kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Kinga ya kwanza haina bei kubwa: kitanda kilichoinuka na chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya mkeka. Na mtu akiumwa, msikate kidonda, msifunge kamba ya kubana, msinyonye. Mlazeni atulie, kiungo kisitikisike, apelekwe hospitali haraka.

Jumamosi iliyofuata tulifanya salongo. Wale wale waliosema habari za kaburi, wawili kati yao walileta mianzi. Vitanda viwili vilisimama kabla ya saa sita mchana, na mama mmoja wa jirani alitoa mkeka. Sikumwuliza mtu yeyote kwa nini amebadilika. Mtu akija na panga na mianzi, unamwonyesha pa kukata.

Siku ya kumi na nne shefu alifika. Aliinama kwenye sanduku, akanusa, akanyanyuka. Akamtazama mwenye nyumba. Mwenye nyumba akasema wanaweza kukaa mpaka mavuno, halafu wataongea tena. Si ushindi mkubwa. Ni miezi kadhaa. Kwa mtu aliyefunga mizigo mara tatu, miezi kadhaa ni kitu.

Kijana amesema mvua zikitulia atamwachilia nyoka wake kwenye ghala la jirani, panya wamezidi huko, na jirani amekubali hatamwua mtu. Amesema hivyo, "hatamwua mtu," nami sikumsahihisha.

Baba yao hajapatikana. Tangazo linasomwa tena Ijumaa hii jioni, nalo ni la kwanza katika daftari. Kama uko Kibombo, Kasongo, Kindu au njiani popote, na unamfahamu mwanaume aliyetengana na mke, mama yake mzazi na watoto wanne upande wa Kabambare, sikiliza. Na kama wewe mwenyewe unamtafuta mtu wako na tangazo lako nililisoma siku mbili tu likapotea, pita redioni. Njoo tuliandike upya.